Uzi: "Jambo Bwana" ulipandaje Kilimanjaro, na nani aliupandisha?

#1 Mzee wa Kiboriloni

Wanajamvi, salaam. Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu hadi lango la Mweka kuwapokea wageni waliokuwa wakishuka mlimani. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walijipanga nusu duara, mpishi akageuza ndoo ya plastiki kitako juu akawa anaipiga kwa viganja, nao wakaimba "Jambo Bwana" kwa nguvu ambayo mtu aliyebeba mzigo siku saba hapaswi kuwa nayo. Mjerumani mmoja wa makamo aliyesimama karibu yangu alifurahi mno, akasema kwamba huo ni wimbo wa Boney M aliokuwa akiucheza ujanani. Mpwa wangu akamjibu kwa heshima kwamba amekosea, kwani huo ni wimbo wa jadi wa Kilimanjaro na mababu waliuimba.

Nilinyamaza, maana wote wawili walikuwa wamekosea na sikutaka kuharibu sherehe ya watu. Wimbo ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, waliokuwa wakipiga muziki katika hoteli za watalii za Mombasa, na ulitoka mwaka 1982. Boney M, kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian, waliurudia mwaka 1983 wakauita "Jambo – Hakuna Matata". Hayo yanajulikana. Nisichokijua ni hiki: wimbo wa hoteli za Mombasa ulipitia njia gani hadi ukawa wimbo wa mlima wetu, kiasi kwamba kijana wa Moshi anauapia kuwa ni wa babu yake?

Dai langu ni kwamba ulipandishwa na Boney M. Katika miaka hiyo kaseti zao zilikuwa kila mahali, kwenye mabasi, kwenye harusi na kwenye maduka ya Mtaa wa Soko, na mimi binafsi niliwasikia hao Wajerumani kabla ya kuwasikia hao Uyoga, yaani Mushrooms.

#2 Kipanya wa Ngarenaro

Shikamoo mzee. Mpwa wako amekosea, lakini nawe usimcheke sana, kwa sababu sisi tuliozaliwa baadaye tulijua kwamba hayo maneno ya "hakuna matata" yametoka kwenye ile filamu ya katuni ya simba. Je, si huko wagumu walikoyatoa, kwa vile kila mtoto wa mgeni anakuja akiwa ameyakariri?

#3 Fundi Redio

Marahaba kwa niaba ya mzee, maana naona hajaingia. Kipanya, filamu hiyo ni ya mwaka 1994, na wimbo uliomo una muziki wa Elton John na maneno ya Tim Rice. Ni wimbo mwingine kabisa, wenye sauti nyingine na hadithi nyingine, na ni mdogo kwa wa Mombasa kwa miaka 12. Mtoto hamzai babu yake.

Mzee wa Kiboriloni naye nitampinga. Mwaka 1982 nilikuwa mwanagenzi wa fundi redio jirani na stendi ya Moshi. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Bendi zetu zilizokuwa zikienda Nairobi kurekodi na kukandamiza santuri zilikwama, kwa kuwa hapa nyumbani tulikuwa na studio ya Radio Tanzania lakini hatukuwa na kiwanda cha santuri. Hata hivyo mawimbi ya redio hayagongewi muhuri mpakani Holili. Usiku ukitulia, Sauti ya Kenya iliingia Moshi safi kama jirani anayezungumza nyuma ya ukuta, na ilikuwa desturi yetu mafundi kujaribu redio zilizotengenezwa kwa stesheni hiyo, kwa sababu ikishika vizuri ulijua kazi imekwisha.

Huko ndiko nilikousikia "Jambo Bwana", na niliunasa kwenye kaseti pamoja na sauti ya mtangazaji. Nina hakika kwamba mpaka ulikuwa bado umefungwa. Kwa hiyo Mushrooms walifika Moshi kwa njia ya anga kabla ya Boney M kufika kwa njia ya kaseti za dukani.

#4 Mzee wa Kiboriloni

Fundi, nashukuru kwa kumbukumbu, lakini kusikika Moshi si kuimbwa mlimani. Mimi nami nilisikia taarifa ya habari ya BBC miaka yote hiyo na sijawahi kuiimba kambini Horombo.

#5 Binti Machame

Habari zenu. Nimefanya kazi ya ofisini katika kampuni za utalii kwa miaka mingi, nami ninaona kwamba nyote mnamtafuta mwimbaji wakati aliyeleta wimbo ni msikilizaji. Mpaka ulipofunguliwa, wageni wengi walianza tena kuingia kwa barabara ya Namanga wakitokea Nairobi, na wengine walikuwa wamekwisha kupumzika pwani ya Kenya kabla ya kuja huku. Hotelini walikaribishwa kwa wimbo huo asubuhi, mchana na jioni. Walipofika mlimani wakawauliza wapagazi, "Mbona ninyi hamtuimbii Jambo?" Mpagazi anayetarajia bakshishi hawezi kujibu kwamba haujui. Ataujua kesho yake.

Naamini kwa dhati kwamba mgeni ndiye aliyeuagiza, kama anavyoagiza chai.

#6 Mgumu wa Zamu

Naomba niseme, kwa kuwa naona kuna fundi, kuna wa ofisini na kuna wazee, lakini mwenye bega lenye sugu bado hajasema.

Nilipanda mara ya kwanza mwaka 2009, kwa njia ya Machame. Mzigo wa mgeni unapimwa langoni na haupaswi kuzidi kilo 20, lakini vyako mwenyewe unavibeba juu yake, kwa hiyo siku ya kwanza sikuwa na hamu ya wimbo wowote. Jioni ya pili, kambi ya Shira, mvua ilikuwa imetufungia ndani ya hema la jiko tukiwa kumi na wawili, magoti yakigusana, sufuria ya supu katikati. Kiongozi wetu msaidizi akasema, "Wageni (yaani sisi wapya), mtaitikia hivi." Hakutufundisha wimbo mzima. Alitufundisha maneno mawili tu: hakuna matata. Yeye angeita, sisi tungejibu.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame. Hewa ya juu ni nyepesi, na mtu hawezi kuimba ubeti mrefu akiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, bila kuona nyota mchana. Wimbo huu unahitaji mtu mmoja mwenye mapafu, na wengine wote wanatoa pumzi fupi ya maneno mawili. Tena mwitaji anaweza kutia jina lolote katikati. Anataja kambi, anamtaja mpishi, anamtaja mgeni aliyetapika jana na leo amefika kileleni, na jibu ni lile lile. Nyimbo nyingine zilijaribiwa, zikashindwa. Huu haukuletwa na Boney M wala redio. Umebaki kwa sababu unaimbika na watu waliochoka.

#7 Fundi Redio

Mgumu, hoja yako inaeleza kwa nini ulibaki, haielezi ulivyofika. Lakini nakuvulia kofia kwa ile ya hema la jiko.

#8 Mwalimu Mstaafu

Ndugu wajumbe, nimesoma kwa makini na nina masikitiko ya muda mrefu kuhusu wimbo huu. Mgeni anaulizwa habari, naye anajibu "mzuri sana". Habari ni ngeli ya I-/ZI-, hivyo jibu ni "nzuri". Nilisahihisha kosa hilo kwa miaka 31 shuleni, na kila nilipolifuta ubaoni lilikuwa likiimbwa nje ya dirisha.

Vilevile, katika Kiswahili cha kawaida mtu hamwamkii mwenzake kwa "jambo" tupu. Tunasema "hujambo", naye anajibu "sijambo", na kwa mkubwa tunasema "shikamoo". "Jambo" tupu ni salamu aliyokatiwa mgeni ili isimkwame kooni. Na yale maneno ya kuwakaribisha wageni: ninavyousikia mimi wimbo wenyewe, neno ni "mwakaribishwa", kwa maana ya "ninyi mnakaribishwa", lakini vijana wa mlimani huimba "wakaribishwa", kana kwamba wageni hao wako mbali na wanasengenywa.

#9 Shangazi wa Himo

Mwalimu, pole kwa ubao. Hiyo "mzuri sana" ndiyo Kenya watu wengi husema hata leo ukiwauliza habari, na mtunzi aliandika namna alivyosikia watu wakiongea na wageni hotelini. Mimi nina biashara ya vitenge kati ya Himo na Taveta, kwa hiyo masikio yangu yanalala pande zote mbili za mpaka.

Neno lenyewe "matata" linatosha kuonyesha kwamba mpwa wa mzee hana babu katika jambo hili. Sisi huku tunasema "hamna shida" au "hakuna tabu". Ukiniambia mtu fulani ni wa matata, nitafunga duka. Na vijana wakisema mchezaji fulani ni "matata", wanamsifu kwa ukali wake. Hakuna mama wa Himo anayemwambia mteja "hakuna matata", isipokuwa mteja huyo awe amevaa kofia pana na amejipaka mafuta meupe puani.

#10 Kipanya wa Ngarenaro

Shangazi umemaliza. Mwalimu, nakuombea siku moja upande hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ili ukawasahihishe huko huko.

#11 Wakili wa Kona

Nitaongeza upande wa haki, kwa sababu kosa la mpwa si dogo kama linavyoonekana. Wimbo ukiitwa wa jadi, maana yake hauna mwenyewe, na kisicho na mwenyewe kinatumiwa na kila mtu bila kuomba. Huu una mtunzi anayejulikana kwa jina. Chini ya Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ulinzi unaendelea maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo wimbo wa mwaka 1982 bado uko chini ya mkono wa mwenyewe au warithi wake. Sisemi wagumu washitakiwe langoni. Nasema kwamba kampuni inayoutumia kwenye video ya matangazo imechukua kitu cha mtu.

Na kabla Kipanya hajaturudisha kwenye filamu: Disney hawakuusajili wimbo huu. Walichosajili Marekani, kwa maombi ya mwaka 1994 yaliyokamilika mwaka 2003, ni maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara kwenye mavazi. Mwaka 2018 ndipo watu wengi mtandaoni walipokasirika na kutia saini malalamiko. Alama hiyo haimzuii mtu kusema wala kuimba.

#12 Mgumu wa Zamu

Wakili, kuna mwaka kampuni moja niliyoifanyia kazi ilitupiga video tukiimba, ikaiweka kwenye tovuti yao, na hatukupewa hata soda. Naona sisi na mtunzi tuko kwenye foleni moja.

#13 Mjukuu wa Mwika

Samahani kwa kuingilia, lakini Boney M hawakuanza na "Jambo". Mwaka 1981 walikuwa wamekwisha kuurudia "Malaika", ambao Afrika Mashariki ilikuwa inaujua kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, na dunia ikaujua kwa sauti ya Miriam Makeba. Huo nao wagombea wake hawajaisha, kwa sababu yupo Mtanzania Adam Salim anayetajwa kuwa aliutunga miaka ya 1940, na yupo Lucas Tututu wa Mombasa anayetajwa pia. Kabla ya hapo, "Rivers of Babylon" iliyowapa utajiri mwaka 1978 ilikuwa ya The Melodians wa Jamaika. Kundi hilo lilikuwa na jicho la kuona mti wa jirani wenye matunda.

#14 Mzee wa Kiboriloni

Ahsante mjukuu, umenipa fimbo. Ikiwa watu walikuwa wamekwisha kuwazoea Boney M wakiimba Kiswahili tangu "Malaika", basi "Jambo" yao ilipotoka ilipokewa kama mgeni ambaye kaka yake alishalala hapa. Tena mwaka ni 1983, mwaka ule ule mpaka ulipofunguliwa. Kaseti ziliingia kwa magunia.

#15 Fundi Redio

Mzee, magunia hayo yalikuwa na Mushrooms pia. Inaelezwa kwamba santuri yao iliuza zaidi ya nakala 200,000 kati ya mwaka 1982 na 1987 na kutunukiwa platinamu, na kwa soko la Afrika Mashariki hilo ni jambo kubwa. Halafu hawakubaki wawili tu. Mombasa Roots waliurekodi, Safari Sound Band waliurekodi, na kaseti za hao wa mwisho ndizo watalii walizokuwa wakinunua kupeleka kwao. Ukisema "ule wimbo", ni lazima useme ule wa nani.

Na tusiwaonee wivu Wakenya kana kwamba muziki unatembea upande mmoja. Wale ndugu wa bendi ya Simba Wanyika walipita hapa Arusha wakiwa na Arusha Jazz kabla ya kuhamia Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tuliwapa simba, wakatupa uyoga.

#16 Shangazi wa Himo

Kwa mizani ya kibiashara tumepunjwa.

#17 Mgumu wa Zamu

Nimewauliza wenzangu wanne jana tukiwa tunasubiri kupanda, na nimepata jambo dogo. Pale tunapoimba "Kilimanjaro, hakuna matata", wimbo wa Mushrooms una "Kenya yetu". Hesabuni silabi: Ke-nya-ye-tu ni nne, Ki-li-ma-nja-ro ni tano. Ndiyo maana kila kundi linaminya jina la mlima kwa namna yake, wengine wanalikimbiza mwanzoni, wengine wanalimeza mwishoni, na mgeni mwenye sikio anaweza kusikia pale nguo isipomkaa mvaaji. Jina la mlima limepachikwa juu ya jina la nchi. Kwangu huo ni ushahidi kwamba waliopachika walikuwa na toleo la Mombasa masikioni.

#18 Mzee wa Kiboriloni

Hata hao Wajerumani walianzia kwenye santuri hiyo hiyo, kwa hiyo kiraka chako kinaonyesha kitambaa, hakimwonyeshi fundi aliyekishona. Lakini hesabu ya silabi nimeipenda, na nimeirudia mezani hadi mke wangu ameniuliza kama nina homa.

#19 Binti Machame

Nimempigia baba yangu mdogo, aliyekuwa kiongozi wa wageni njia ya Marangu miaka ya 1980. Amesema kwamba wakati wake walilala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, wapagazi walikuwa wachache, na waliimba pambio za kanisani pamoja na ule wimbo wa shuleni wa Kilimanjaro na Mawenzi. "Jambo" anaukumbuka baadaye, makampuni binafsi yalipoongezeka na njia za mahema zikajaa watu, kwa sababu kundi la wagumu thelathini linahitaji wimbo na kundi la wapagazi watano halihitaji. Nilipomuuliza aliyeuanzisha, alisema ni vijana waliokuwa wakipiga gitaa katika hoteli za Arusha, ambao msimu wa mvua ulipowakosesha kazi walipanda mlimani kubeba mizigo.

Kwa hiyo ninaongeza njia ya tano, ingawa inaua ile yangu ya kwanza.

#20 Mwalimu Mstaafu

Huo wimbo wa Kilimanjaro na Mawenzi angalau una sarufi.

#21 Kipanya wa Ngarenaro

Una sarufi, mwalimu, lakini katikati yake kuna nyoka anayeulizwa kwa nini anamzunguka mtu na kutaka kumla nyama, na wageni wanapiga makofi na kucheka, wakidhani wanatakiwa safari njema. Labda ndiyo sababu "Jambo" ilishinda.

#22 Wakili wa Kona

Binti, msimu wa mvua ndio ambao mlima nao unakuwa na wageni wachache. Huyo mpiga gitaa angekimbia njaa kwenda kwenye njaa. Mwulize tena baba mdogo.

#23 Binti Machame

Nimemwuliza. Amesema, "Mwambie wakili sikusema walilipwa vizuri."

#24 Fundi Redio

Wajumbe, nilitumia Jumamosi nzima darini. Kaseti nimeipata. Ni ya dakika 60, lebo yake imeliwa na mende upande mmoja, na kwa mwandiko wangu wa ujana pamesomeka: "Jambo, na nyingine". Mwaka sikuandika. Hata hivyo, kama nilivyosema, mtangazaji anaongea kabla ya wimbo, na akitaja tarehe au habari yoyote ya siku hiyo tutajua kama mpaka ulikuwa umefungwa au umefunguliwa. Nimeurudisha utepe kwa kalamu hadi mwanzo, nikaitia kwenye redio, ikatoa sauti ya mzee anayekoroma ndani ya pipa. Mkanda wa mpira wa redio yenyewe umelegea kama uzi wa soksi.

Kuna mwenye redio kaseti nzima hapa Moshi, au anayejua duka lenye mkanda wa milimita 70?

#25 Mzee wa Kiboriloni

Ninayo, ila inatafuna. Usilete kaseti hiyo kwangu. Jaribu Arusha.

#26 Shangazi wa Himo

Jumanne nakwenda Taveta, kuna fundi mmoja pale sokoni ana makopo matatu ya mikanda. Nitumie kipimo sahihi, fundi, maana mara ya mwisho ulinituma kifaa kikawa kikubwa.